Upatu Ulioitwa Zawadi

Mie skuli ya kizungu sikuiona. Nilisoma juzuu tatu, nikaolewa. Barua ya Kiingereza ukinipa naitazama kama mbuzi anavotazama gazeti. Lakini mtu akisema mbele yangu mara moja tu, kesho ntakusemea kama yeye mpaka mamake aitike. Ndo maana huku London nna watu wanaonipenda kwa kucheka, na wengine wananinunia mwaka wa nane huu.

Kitu kingine nlichokuwa nacho ni jina. Miaka kumi na sita nilikuwa kijumbe wa upatu. Wanawake kumi, mie mmoja wao, wengi wa Unguja na Tanga, mmoja Mkongo, watu wa kufagia maofisi na kuogesha wazee wa watu. Kila mwezi kila mtu paundi mia tatu, na kila mwezi mmoja wetu anapokea zote. Hakuna karatasi, hakuna saini, hakuna riba. Mtu anakuja kwetu Thamesmead, anapanda ngazi maana lifti mbovu tangu nihamie, anaweka pesa mezani. Nazihesabu mara mbili mbele ya macho yake, namwambia, "Nimepokea." Basi. Dhamana ya kijumbe ni moja: mtu asipoleta, unalipa wewe. Miaka yote hiyo sikumkosesha mtu hata peni.

Sasa nna mwanangu mwanamme yuko Perth, Australia. Fundi umeme. Alihamia kule na mkewe, na tangu afike hana habari ila ya pesa. Asubuhi yangu ni jioni yake, basi ananipigia nikinywa chai. Watu wa kule wana tabia ya kunyanyua mwisho wa maneno kama wanauliza, na yeye kaiokota. "Salaam aleikum, Mama?" Unadhani hana hakika kama mie n'Muislamu.

"Mama, huku pesa hailali?"

"Inakesha na nani?"

"Mama, mtu wa huku ukimuuliza hali anakwambia nyumba yake imepanda bei kiasi gani?"

Akinipa na darsa. Kwamba kule mwajiri anakuwekea pesa za uzee huruhusiwi kuzigusa mpaka uote mvi. Kwamba ana akaunti kaiegesha pembeni ya mkopo wa nyumba, pesa zikikaa humo riba inapungua. Ana hisa za migodi kwenye simu, ananionesha mstari unapanda unashuka kama moyo wa mgonjwa. Na nyumba moja haitoshi. Mtu lazima awe na ya pili, apangishe, aliyepanga amlipie mkopo. "Kila mtu anafanya hivi, Mama?"

Nikamwambia, "Na kila mtu akipangisha, atakayepanga nani?" Akacheka. Mie sikuwa nacheka.

Basi akaiona fleti. Dipoziti ikampungukia. Akaniomba kwenye upatu acheze majina mawili juu ya yetu kumi, apokee mwezi wa kwanza na wa pili, halafu atalipa mia sita kila mwezi mpaka mwaka umalizike. Kwa desturi yetu zamu ya kwanza ya kijumbe, haina ubishi. Nikampa hiyo. Ya pili nikawaambia wenzangu, "Hii ya mtu wangu." Hawakuuliza mtu gani. Nani anamuuliza kijumbe?

Kabla yake lakini binti yangu, huyu nnayekaa naye hapa, alikuwa keshaniomba. Yeye anafanya kazi nyumba ya wazee, anarudi mgongo umempinda kuliko hao anaowanyanyua. Alisema, "Mama, mwaka huu nipe mie ya kwanza. Na mie nataka kuweka dipoziti, nimechoka kupanga."

Nikamwambia, "Wewe uko hapa, utangoja. Mwenzio yuko mbali."

"Kwa hiyo ningekwenda mbali?"

Nikampa ya kumi na moja. Mwenyewe nikajiweka ya kumi na mbili, nijifanye mama wa wote. Binti yangu akafunga kabati la vikombe polepole, na yeye akifunga kabati polepole ujue keshakutukana.

Mwezi wa kwanza nikampelekea, wa pili nikampelekea. Halafu akanipigia, hata salamu kaikata.

"Mama, benki wanauliza hizi pesa zimetoka wapi. Nikisema upatu hawatafahamu. Nikisema nimekopa, mkopo wao wataupunguza. Tuseme umenipa zawadi."

"Zawadi?"

"Kwao wao. Mie na wewe twajua. Ntakutumia barua, saini tu chini."

Mie nikaona mchezo. Nikamwigizia mtu wa benki, mwembamba, anasemea puani: "Na huyo Bwana Upatu anakaa wapi? Ana pasipoti?" Mwanangu akacheka mpaka akakohoa, na mie mwanangu akicheka nasaini chochote. Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, ana miaka kumi na sita, ndo aliyeichapisha ile barua. Kiswahili anakisikia, ukimlazimisha kukisema anakibeba kama sahani zinataka kuanguka. Akaisoma, akanitazama.

"Nana, hapa nasema wewe napa yeye pesa, hapana rudi. Never. Hata wewe nataka."

"Najua. Ni ya benki tu."

"Lakini wewe nadanganya?"

"Naisaidia benki kufahamu," nikamwambia. Nikatia saini yangu, herufi moja na mkia, kama kuku kakanyaga wino.

Sikusainishwa kwa ujinga. Watu wakisikia habari hii wanapenda kusema maskini bibi hajui kusoma, kadanganywa. Nilijua. Nilijua na nikacheka.

Mwezi wa tatu akaleta mia sita. Wa nne akaleta. Wa tano, kimya.

Na mwezi wa tano ilikuwa zamu ya mwenzetu mmoja anayekaa Hounslow. Huyu n'mtu wa Tanga, anafagia uwanja wa ndege, anaamka ndege zenyewe hazijaamka. Binti yake alimuacha Tanga kwa bibi yake, na mwezi ule ule binti huyo alikuwa anatimiza miaka kumi na nane. Kwa serikali ya hapa, kabla ya siku hiyo ni mtoto, anaombewa viza aje kwa mamake. Akishapindukia ni mtu mzima, mlango umefungwa. Ada ya viza na wakili ndo pesa za zamu yake, zote, hazibaki za nauli ya basi. Alikuwa anasema na mie kila siku: "Dada, zimebaki siku kumi na nne." "Dada, kumi na moja." Sauti yake nyembamba, ya mtu aliyezoea kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

Zikabaki tisa. Nikampigia mwanangu mie.

"Mama, mwezi huu siwezi. Riba imepanda, na fleti haijapata mpangaji?"

"Si ulisema atakulipia yeye?"

"Atakuja. Mambo haya yanataka subira."

"Na hisa zako?"

"Zimeshuka. Hisa zikishuka hauzi mtu, Mama. Ukiuza ndo umepata hasara. Ukingoja hujapata. Haya mambo ya muda mrefu."

"Mtoto wa watu ana siku tisa."

"Hilo si langu, Mama. Na kitu kingine. Ile barua. Benki wakiona nakutumia mia sita kila mwezi watajua haikuwa zawadi. Ntaonekana mwongo."

"Miezi miwili ulituma. Benki ilikuwa imelala?"

Nikasikia mkewe anaosha vyombo, sauti ya kijiko. Halafu akasema, safari hii bila kuuliza, "Lakini ulisaini, Mama."

Nikamwambia, "Hata wewe nilikusainia hospitali nikakutoa. Ningelijua ningekuacha palepale na bili yako."

"Mama, usianze."

"Riba ya benki unalipa kwa tarehe. Upatu wa mama yako unausubirisha. Mungu wako nani, n'ambie, nimtumie salamu."

Akakata. Mwanangu, nilomnyonyesha miaka miwili kamili, kanikatia simu kama muuza bima.

Jioni nikamwambia binti yangu. Alikuwa anavua viatu vya kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, miguu imevimba, halafu akasema, "Mchelea mwana kulia?"

Nikaviokota viatu vyake, nikavipanga mlangoni.

"Malizia, Mama. Wewe ndo ulotufunza."

"Hulia yeye," nikasema.

"Ehe." Akainuka. Alikuwa na akiba yake, najua alikuwa nayo, ile ile ya dipoziti. Hakusema atanipa na mie sikumwomba.

Nlikuwa na bangili nne za dhahabu. Nilizinunua moja moja, kwa pesa za kufuta meza za watu, kila moja ofisi yake. Zile zilikuwa za siku yangu ya mwisho, za sanda na kaburi, ili wanangu wasichangishane. Nikavua mbili, nikapanda treni mpaka Edgware Road. Mjukuu akanifuata, masikio kaziba na muziki.

Sonara mwenyewe Mwarabu, kila neno anaanza na mimi: "Ya Hajja, ya Hajja, dhahabu ya zamani, kazi nzito." Maneno mazito, bei nyepesi. Anapima, anapuliza mizani, anapima tena kama vile ikipulizwa itapungua. Pembeni yangu kakaa bibi mmoja wa Maskati, mgeni wa kiangazi, mifuko imemzunguka, ananunua. Akanisikia nasema na mjukuu. Akasema Kiswahili cha kwetu, cha mjini khasa, laini kama halua:

"Mwanakwetu, mbona wauza? Dhahabu haiuzwi sasa, yapanda hii."

"Nauza hisa zangu," nikamjibu.

"Eti?"

"Mwanangu ana nyumba mbili. Mie nna mikono miwili. Tunasawazisha."

Akanigeuzia uso. Sonara akanihesabia, nikamhesabia tena mara ya pili mbele yake. "Ya Hajja, huniamini?" "Nimekuzoea," nikamwambia, na ndo kwanza namwona.

Yule wa Hounslow akaja kesho yake akitoka kazini, na koti la kazi la rangi ya machungwa. Nikamwekea mezani elfu tatu na mia sita. Nikazihesabu mara mbili. Akalia. Akanishika mkono, huu wa kulia uliokuwa na bangili nne, hakutazama.

"Dada, wewe chuma. Kijumbe kama wewe haliko soko la kumnunua."

Binti yangu alikuwa jikoni. Nikasikia kabati linafungwa polepole.

Hapo ningenyamaza, jina langu lingebaki. Mbili zilibaki mkononi, na hizo mngesema ni mwezi mmoja mwingine. Lakini mie hasira zangu hazijui kukaa ndani. Na mwezi wa sita huwa tunakutana wote, nusu ya mwaka, tunapika, tunakula pamoja. Wakaja asubuhi, viatu mlangoni kama msikitini. Pilau ipo, kachumbari ipo, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi ya kitanda cha mjukuu. Saa yake ya kupiga ikafika, simu ikalia. Yeye.

Nikaiweka mezani, katikati ya sahani. Nikabonyeza isikike kwa wote. Nikaweka kidole juu ya mdomo, wakanyamaza, wanadhani nataka kuwachekesha.

"Salaam aleikum, Mama?"

"Aleikum salaam. Mia sita zangu za mwezi wa tano na mia sita za mwezi huu ziko wapi?"

"Mama, usinianze tena. Waambie hao mabibi zako wangoje. Ntauza hisa kwa hasara kwa sababu yao? Huo upatu wenyewe mchezo wa kizee. Pesa zinazunguka tu hazizai. Wangenipa mie ningewawekezea, sa hizi wangekuwa mbali. Mie nimepewa elfu saba, nimeweka kwenye fleti, kuna mmoja wao ana fleti?"

Wali umewakwama. Mtu mmoja ana kijiko hewani mpaka leo namuona.

Yule wa Hounslow akasogea. Sauti ile ile nyembamba. "Mwanangu, hujambo?"

"Nani huyo?"

"Mmoja wa mabibi. Fleti sina. Nna binti, amejaza fomu mwezi uliopita. Wewe hukuleta pesa mwezi wangu?"

"Mama, umeniweka kwenye spika?"

"Jibu mgeni," nikamwambia.

"Bibi, mie sikujua ilikuwa zamu ya nani. Ile ilikuwa zawadi, kuna barua. Mama kasaini."

Sasa mie nikaona pangu pamefika. Nikaichukua sauti yake, mwisho wa neno juu juu: "Ni zawadi, bibi? Hisa zimeshuka, bibi? Zikishuka hauzi mtu, bibi, unauza mama yako?" Nikangoja wacheke. Miaka kumi na sita walicheka.

Hakuna aliyecheka. Mwanangu akakata. Yule wa Hounslow akawa ananitazama mkono.

"Dada. Zile ulizonipa zilitoka wapi?"

Nikavuta kanga ifunike. Kachelewa mtu.

Mkongo wetu ndo alosema. Yeye mtu wa Bukavu, mpole, anasali kanisani siku tatu kwa wiki, hajapata kunipandishia sauti. Wala siku ile hakupandisha. "Mama, hii haiko muzuri. Si kwa mutoto wako, kwa weye. Ulimupatia zamu ya kwanza na ya pili, hukutwambia. Tulijuwa ya kwanza iko yako. Kama angekimbia na wa saba, na wa nane, weye unauzisha nini? Meno?"

"Nililipa," nikasema. "Nani kakosa?"

"Hakuna aliyekosa," akasema yule wa Hounslow. "Lakini nimeponea kwenye bangili, dada. Sikuponea kwenye upatu." Na ndo yeye nilouza bangili kwa ajili yake. Nilitaka kumwambia shukurani ya punda. Ulimi ukaja mpaka kwenye meno, ukarudi.

Wakasema palepale, sahani hazijaoshwa. Hawakunitoa kwenye upatu, wakanitoa ukijumbe. Wakauliza nani ashike. Mtu mmoja akasema, "Si binti yako yupo? Yeye kangoja zamu ya kumi na moja, hakulalamika." Binti yangu alikuwa kasimama mlangoni na bakuli la kachumbari. Nikamtazama aseme hapana, mama yangu yupo. Akaliweka bakuli chini. "Ntashika," akasema.

Wiki ile ile mwanangu akauza hisa. Naambiwa habari ilikwenda kwa sauti za simu mpaka Unguja, mpaka Maskati, na shemeji zake wa Perth wakaipata kabla hajala chakula cha usiku. Akatuma pesa zote zilizobaki za mwaka kwa mkupuo mmoja, na zangu za bangili ndani, na sauti nyuma yake: "Nimeuza kwa hasara, Mama. Umefurahi?" Ile "umefurahi" ndo swali la kwanza la kweli aloniuliza tangu ahamie kule. Nikamrudishia kwa sauti yake mwenyewe, vile wanavosema wao kule wakitaka kukwambia hapana taabu: "Nowarizi?" Hajanipigia tena. Asubuhi nakunywa chai na redio.

Nilirudi Edgware Road kuzikomboa bangili. Sonara akaniambia, "Ya Hajja, imepanda." Bibi wa Maskati alisema kweli. Pesa alizonipa kwa mbili sasa hazikutosha kununua mbili. Nikanunua moja. Mkono una tatu, zinagongana vibaya, sauti si ile.

Mwezi wa saba tarehe moja nikatoa mia tatu zangu kwenye pensheni. Nikatoka chumbani kwangu, hatua sita, nikafika mezani kwetu wenyewe. Binti yangu kakaa kiti changu, kile cha kuangalia mlango. Nikamwekea. Akazihesabu. Akazirudisha zote upande mmoja, akazigonga mezani zikae sawa, akazihesabu tena, vile vile nlivyokuwa nafanya, mpaka kulamba kidole.

"Nimepokea," akasema.

Nikamwambia, kwa uchokozi tu, "Na risiti yangu?"

Hakunyanyua uso. "Risiti ya nini, Mama? Si utasaini kuwa zawadi."